Mvua Yenye Mkia

Nyangeta anakaa Bunda, kwenye nyumba ya bati. Mvua ikipiga bati lile, hata kuku wanaacha kusengenyana.

Leo kuna mgeni. Anaitwa Ilka. Amekuja na baba yake kutoka Hungaria, mbali, mbali kweli. Ana miaka sita, sawa na Nyangeta.

Ilka hajui Kiswahili. Anaongea Kiesperanto na baba yake, lugha iliyobuniwa ili watu wa nchi mbalimbali waelewane, na Shangazi Nyabise naye anakijua. Wanacheka watatu. Nyangeta anatazama tu.

"Shangazi, nifundishe na mimi!"

"Haya. Mvua ni pluvo. Sema."

"Plu-vo."

"Sasa tuifungie mkia. Pluvego, mvua kubwa. Pluveto, mvua ndogo."

Nyangeta akashangaa. Kamkia kadogo hivyo kanakuza mvua nzima?

Ego! Mikono wazi kabisa.
Eto! Vidole viwili tu.

Mara, gurururu! Mvua ikashuka juu ya bati. Po-po-po-po! PO-PO-PO-PO!

Ilka akapiga yowe. Mbio, uvunguni mwa kitanda!

Baba yake akamwita. Hakutoka. Shangazi akamwonyesha andazi. Hakutoka, na andazi lenyewe lilikuwa la moto! Alilia, anataka kurudi kwao.

Nyangeta akaumia moyoni. Mgeni wake analia, tena nyumbani kwake!

"Nyangeta, kinga maji!" akaita Shangazi. Kwao mvua haiachwi ipite bure.

Nyangeta akachukua ndoo. Akachukua sufuria. Akachukua na kikombe. Akavipanga nje ya mlango, chini ya bati, mahali Ilka anapoona.

Ndoo ikalia: bum, bum!
Sufuria ikalia: teng, teng!
Kikombe kikalia: ti, ti, ti.

Kichwa kikachungulia kutoka uvunguni.

Nyangeta akageuka. Ego! Mikono wazi kabisa.

"Pluvego!"

Ilka akaacha kulia. Kitu kikubwa vile kilikuwa na jina, na jina lilienea mdomoni mwa mtoto.

"Pluvego," akasema polepole. Akatoka. Kwanza mguu mmoja, halafu wa pili.

Wakasimama mlangoni, wameshikana mikono. Maji yalikuwa mengi, jamani, mengi! Ndoo ikajaa. Ndoo ikafurika. Wakatazama midomo wazi.

Kisha mvua ikachoka. Kikombe kikalia: ti... ti...

Ilka akacheka. Eto! Vidole viwili tu.

"Pluveto," akasema.

Jioni Shangazi akapasha moto maji yale yale. Wakaoga, wakala, wakapanda kitanda kimoja. Taa ikazimwa.

Ilka akanong'ona neno jipya. "Amikego."

Nyangeta akafikiri. Mkia ule anaujua! Lakini umefungwa kwenye nini?

"Shangazi! Amiko ni nini?"

"Ni rafiki," akajibu Shangazi kutoka jikoni. "Laleni sasa."

Rafiki. Na mkia ule mkubwa.

Nyangeta akafurahi mno. Basi, palepale gizani, akafungua mikono wazi kabisa.

Akampiga Ilka puani.

Wakacheka, wakacheka, mpaka usingizi ukawachukua wote wawili.