Mshono Usiofumuliwa

Foleni ya benki ilikuwa ndefu, na fundi kijana alihisi mtu akimvuta bega la koti. Alipogeuka alimkuta mwanamke aliyevaa gauni la bluu lililomkaa vizuri, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni kama mkufu.

"Samahani, kaka. Nani kakushonea koti hili?"

"Mimi mwenyewe, dada."

"Pole. Mkono wa kulia umeupachika kushoto."

Walicheka mpaka mlinzi akawatazama. Kabla zamu yake haijafika dirishani, kijana alikuwa ameshaitwa kazini kwenye karakana aliyoisimamia yule mwanamke. Mafundi wa huko walimwita mwanamke huyo Mkasi.

Mkasi hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila jioni alipita mashine kwa mashine akikagua nguo. Palipopinda alifumua, kisha akavuta kiti, waanze upya pamoja na aliyeshona. Za kijana huyu alizifumua kuliko za wote. Tena akamsukuma ajiunge na darasa la jioni la kukata vitambaa. Baada ya darasa zikaanza simu kati yao wawili: kwanza za kola, halafu za kuulizana kama wamekula, mwishowe za kutakiana usingizi mwema, mpenzi. Kijana akawa anamtaja kwenye sala kabla ya kujitaja mwenyewe.

Kisha jioni moja Mkasi aliipita mashine yake bila kugusa nguo. Kesho yake vilevile. Kijana akajiuliza amemkosea nini. Wiki haijaisha, akasikia kwamba Mkasi ndiye aliyeomba yeye apelekwe tawi jipya, upande wa pili wa mji. Akazima simu. Akamwomba Mungu ampe moyo wa kukubali kuachwa, akafunga vifaa vyake.

Alimkuta Mkasi akipiga pasi.

"Nimekuja kuaga. Ungeniambia tu kwamba umenichoka."

Mkasi aliisimamisha pasi. "Nani kakuambia hivyo?"

"Hata kunifumulia umeacha."

Mzee aliyekuwa akishona vifungo pembeni alishindwa kuzuia kicheko. Akamweleza kwamba humo ndani hakuna cheti: Mkasi akiacha kukufumulia, umehitimu. Yeye mwenyewe, mzee, alisubiri siku hiyo mpaka akakata tamaa.

"Nilidhani unajua," Mkasi akasema polepole. "Wenzako wamelizoea hili, wewe umekuja juzi. Kosa ni langu."

"Na tawi?"

"Linataka kiongozi. Nikikubakiza hapa utakuwa msaidizi wangu maisha yako yote. Halafu mimi sitaki mume anayetetemeka nikishika sindano."

"Umesema mume."

"Nimesema. Kama hutaki, fumua."

Hakufumua.

Siku ya kwanza kwenye tawi jipya, aliwakusanya mafundi wake kabla hawajawasha mashine. "Nitafumua kazi zenu," aliwaambia. "Siku nitakapoacha, nitavuta kiti niwaambie kwa mdomo wangu ni kwa nini."

Simu ikaita. Mkasi alitaka vipimo vya koti la harusi. Lile la benki, alisema, asithubutu kuja nalo.