Wivu wa Baba Kweyu

Kila jioni Lorine akimaliza kuuza mboga, hunawa uso, huvaa viatu vyake vyeusi na kwenda ngumbaru, masomo ya watu wazima, katika ukumbi wa mtaa. Mumewe, Shiundu, hubaki nyumbani amenuna. Roho humuuma zaidi pale Lorine anaporudi akicheka na jirani yao Ubaid, anayesoma naye huko.

Siku ya mtihani, Shiundu alivificha vile viatu. Lorine hakumbembeleza. Alivaa gambuti za mumewe za kiwandani, akaenda zake akiburuta miguu huku mtaa mzima ukitazama. Loo, aibu iliyompata Shiundu!

"Akirudi, ngumbaru imeisha!" alifoka mlangoni.

Nasima, mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, alimsikia. "Baba Kweyu, kuna nini?"

"Ni wivu, Mwalimu. Nimeficha viatu vya Mama Kweyu asiende ngumbaru. Huyu Ubaid ataninyang'anya bibi."

"Kwani amefanya nini?"

Shiundu alikuna kichwa. "Hajafanya kitu. Lakini juzi walikaa hapa wakisoma gazeti la Kizungu. Mimi nikabaki kuangalia picha."

"Kumbe! Sisi husema wivu tu, lakini Waingereza wana maneno mawili. 'Jealousy' ni kuogopa kunyang'anywa kilicho chako. 'Envy' ni kuumwa na roho kwa sababu mwenzako ana kitu, nawe huna. Wako ni upi?"

Shiundu akasema kwa sauti ndogo, "Huo wa pili. Natamani kusoma kama wao."

"Basi kuficha viatu hakutakusaidia. Nenda ukasome."

Shiundu alichukua viatu, akamngoja Lorine nje ya ukumbi. "Mama Kweyu, nisamehe. Niliona umeniacha nyuma."

"Si ungesema tu?" Lorine alivua gambuti. "Kesho twende wote."

Lorine alifaulu mtihani. Shiundu naye alianza darasa la chini, na Ubaid humsaidia.

Juzi kiwandani kwao ililetwa mashine mpya yenye maandishi ya Kiingereza. Kijana mmoja alinyoosha mkono kuigusa.

"Wewe, toa mkono!" Shiundu alipiga kelele. "Imeandikwa hapa, ni moto!"

Wenzake waligeuka wakamkazia macho. Shiundu aliyajua macho hayo vizuri sana; ndiyo aliyowatazamia Lorine na Ubaid.

"Ngumbaru ni jioni," akawaambia. "Njooni."