Bustani ya Kivulini na Jina la Chenge

Kila asubuhi kabla ya kengele, Paskazia alichota maji bombani hapo mtaani kwao Igogo, Mwanza, akampelekea mama yake, kisha akakimbia shuleni na jembe begani. Wakati ule wa Ujamaa hakuna mwanafunzi aliyekwenda shule mikono mitupu. Darasa la nne walilima mihogo, la tano mchicha, na la saba walifuga kuku wenye kelele kuliko wao wenyewe. Darasa la sita, ambalo ndilo la Paskazia, walipewa kazi iliyotamaniwa na wote. Walitakiwa kupanda bustani yenye rangi za kupendeza kando ya ofisi, mahali ambapo wageni wangeketi Siku ya Wazazi.

Mahali penyewe palikuwa na shida yake. Upande mmoja palikuwa na ukuta wa ofisi, upande wa pili jiwe, na mawe ya Mwanza mnayajua, si ya mtu kusogeza. Lile lilikuwa refu kuliko paa, na juu lilikuwa limeinamia mahali hapo.

Mwalimu Mutayoba, mwalimu wa kilimo, alimteua Paskazia kuwa kiongozi wa bustani. "Kabla hujachagua cha kupanda," alimwambia, "nenda ukaangalie pale asubuhi, mchana na jioni. Uone jua linafika wapi na linakaa kwa muda gani."

"Sawa, mwalimu."

Asubuhi Paskazia alikwenda kweli. Jua lilikuwa linapenya kati ya ukuta na jiwe, udongo wote unang'aa. Akafurahi. Mchana wenzake walikuwa wanacheza mpira wa rede, na kwa rede Paskazia alikuwa haambiliki. Jioni akasahau kabisa. Mwalimu alipomuuliza, alijibu bila kupepesa macho, "Nimeangalia mara zote, mwalimu. Jua lipo kutwa."

Eh! Uongo mdogo namna hiyo, nani angedhani ungemtesa mtu?

Basi akachagua maua aliyoyapenda mwenyewe, yale mekundu na ya manjano yaliyochanua mbele ya ofisi ya ushirika, juani peupe. Shangazi yake wa Nansio, ng'ambo ya ziwa, akamletea mbegu alipokuja mjini kwa meli. Kazi ya kumwagilia akapewa Chenge, mvulana mpole, mwenye maneno machache, ambaye kila siku alifika wa kwanza na kopo lake la matundu.

Mbegu ziliota vizuri. Kisha miche ikaanza kurefuka bila kunenepa, ikapauka, ikainama kama watu wanaosinzia kanisani. Paskazia akatia samadi. Miche ikazidi kulala. Akanyunyiza majivu, akaisimamisha kwa vijiti, na mara nyingine, Chenge alipokwisha kumwagilia, yeye akaongeza ndoo nyingine kwa siri. Haikusaidia chochote. Siku ya Wazazi ilikuwa inakaribia, na hapakuwa na ua hata moja.

Sababu alikuwa ameshaijua. Kila siku, kabla ya mapumziko, kivuli cha jiwe kilifunika bustani yote na hakikuondoka tena. Lakini kusema hivyo ilikuwa ni kusema kwamba alimdanganya mwalimu. Alichuchumaa pale akaitazama miche inavyokufa, asijue la kufanya.

Siku moja Ngosha, kiranja wa darasa, akasimama. "Miche inakufa. Anayemwagilia ni nani? Si Chenge? Huyu anatega kazi!"

"Kupe huyo!" akadakia Suzana, na darasa zima likacheka.

Siku hizo hilo halikuwa neno la mchezo. Kupe alikuwa mtu anayekula jasho la wenzake, na hakuna aliyetaka kuitwa hivyo.

"Mimi namwagilia kila siku," alisema Chenge. "Muulizeni Paskazia. Huwa ananiona."

Macho yote yakamgeukia Paskazia. Ilikuwa kweli, alimwona kila siku. Lakini akisema Chenge hana kosa, si wangeuliza kosa ni la nani?

"Mimi... siku nyingine huwa sipo pale," alijibu kwa sauti ndogo.

Chenge alimtazama, kisha akainamia daftari lake. Ngosha akapeleka habari kwa mwalimu wa zamu, ikaamuliwa kwamba siku ya Ijumaa Chenge asimamishwe mbele ya shule nzima. Siku zile za kungoja, hata watoto wa darasa la kwanza walimfuata njiani wakiimba, "Kupe! Kupe!"

Nyumbani, Paskazia aliishika sahani ya ndizi bila kula. Mama yake, Celestina, akamwuliza, "Leo hizi ndizi zimekukosea nini?"

Paskazia akaangua kilio, akaeleza yote. "Mama, nenda wewe ukamwambie mwalimu."

"Mimi? Siendi. Uliyedanganya ni wewe, na kinywa unacho. Na huyo mtoto ana mama yake, anamwona anarudi nyumbani analia. Umemfikiria?"

Ijumaa ikafika. Wanafunzi walijipanga mstarini, na Chenge akaitwa mbele. Alisimama akitazama vidole vya miguu yake.

"Una la kusema?" mwalimu wa zamu aliuliza.

"Nilimwagilia, mwalimu."

Kicheko kikapita mistari yote. Paskazia akafungua mdomo, sauti haikutoka. Akajaribu tena, wapi! Alipoona sauti imegoma, alitoka mstarini, akaenda kusimama karibu na Chenge, machozi yanamtiririka.

"Si yeye," alisema mwishowe. "Alimwagilia kila siku, nilimwona. Kosa ni langu. Sikuangalia jua, nikasema nimeangalia."

Mwalimu Mutayoba aliwaongoza wote hadi bustanini, akang'oa mche mmoja. Mizizi ilikuwa myeusi, na tope likadondoka.

"Ngosha, huu umekosa maji?"

"Hapana, mwalimu."

"Umekosa jua, na umeozeshwa na maji, kwa sababu kivulini hapakauki upesi. Na mimi pia nina kosa. Niliambiwa jua lipo nikakubali, na dirisha langu ni lile pale. Chenge, utusamehe. Kuanzia leo kiongozi wa bustani ni wewe."

Waling'oa miche yote. Safari hii Chenge aliwapanga wenzake waangalie jua asubuhi, mchana na jioni, na Paskazia hakukosa hata mara moja. Kisha mwalimu akauliza nani amewahi kuona kitu chenye rangi kinachostawi pasipo jua. Paskazia akakumbuka majani mekundu yenye pindo la kijani ambayo mama yake aliyapanda chini ya migomba. Suzana alikuwa ameona kanisani, chini ya miti, maua laini yenye rangi ya waridi. Kwao Chenge, penye ubaridi kando ya jiwe, palikuwa na majani mapana yenye madoa meupe.

"Lakini hayo ni majani, si maua," Suzana alinung'unika.

"Macho ya wageni yataona rangi," mwalimu alimjibu. "Panda."

Wakaomba miche, wakaileta pamoja na udongo wake. Siku ya Wazazi bustani ile ilikuwa inawaka rangi pale kivulini, na wazazi waliisogelea kuitazama. Paskazia akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Ndipo mtoto wa darasa la kwanza, ameshika kitenge cha mama yake, alipomnyooshea Chenge kidole. "Mama, yule ndiye kupe."

Chenge alisikia. Akageuza uso, akajifanya anatengeneza udongo.

Paskazia alimwendea Mwalimu Mutayoba. "Mwalimu, nilisema ukweli mbele ya shule nzima. Mbona bado wanamwita hivyo?"

"Kwa sababu walimwita hivyo siku nyingi wewe ukiwa kimya," mwalimu alisema taratibu. "Miche mibaya tuliing'oa asubuhi moja. Jina baya halitoki upesi hivyo. Mtu akikosea, aseme siku ile ile, kabla mwenzake hajabebeshwa kosa lake. Ukichelewa, unaweza kusamehewa, lakini yeye anaendelea kuumia."

"Sasa nifanye nini?"

"Anza na yule mtoto. Akikuelewa, nenda kwa mwingine."

Paskazia akafuta macho. Akamfuata yule mtoto, akachuchumaa mbele yake na mbele ya mama yake, akaamkia, "Shikamoo, mama," kisha akaanza kueleza kosa lake tangu mwanzo.