Nani Ataondoa Bordeaux?

Ile asubuhi Maman Eulalie alikuwa anafumua mukono ya pull, sweta ya mutoto wa masomo. Alikosea pointi moja tu, kifundo moja ya uzi, karibu na kwapa. Alivuta uzi polepole, akauzungusha tena ku mupira yake. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya quartier Nyawera, na ndani ya nyumba baridi ilikuwa inauma vidole.

Maman Eulalie alikuwa fundi wa tricot, kazi ya kufuma mapull. Alikuwa na mashine tatu. Lakini tangu vita ifunge barabara, mashine mbili ilikuwa imefunikwa na pagne, kitambaa ya kujifunga. Bakiriya ya mbali habakuja tena. Bintu na Ornella, mafundi wake wawili, aliwarudisha kwao na haya mingi.

Simu ikalia. Ilikuwa Sœur Constance, mutawa na directrice wa masomo moja, shule ya Kamituga.

"Maman Eulalie, jambo!"

"Jambo, ma sœur! Habari ya huko?"

"Barabara iko bado imefungwa. Juzi tulisikia masasi ya bunduki tena. Lakini bana banasoma. Sikia, bazazi ya comité baliona site yako ku internet."

"Kweli?" Eulalie alisimama.

"Kweli! Balifurahi. Banataka mapull mia moja na makumi mbili. Rangi ya bordeaux, ile nyekundu ya kuiva."

Eulalie alikaa tena. Bordeaux ilikwisha. Mufanyabiashara mwenye kumuletea ile laine, uzi ya kufuma, hakupita tena tangu vita.

"Ma sœur, bordeaux haiko."

"Iko ku site!"

"Iko ku site, lakini haiko mu nyumba."

"Maman, zamani nilikuwa nakuja mwenyewe, nashika uzi na mukono yangu. Sasa siwezi kutoka. Bazazi banaona tu kile unabaonyesha. Na kuko benye kusema tuagize kwa fundi mwingine. Comité itakaa Jumamosi. Kama bataona tena kitu yenye haiko, sitaweza kukutetea."

Siku ile ilikuwa Jumatano.

Eulalie alipigia shemeji yake Edouard. Edouard alikuwa anafanya kazi mu bureau, na ni yeye alimutengenezea ile site ku ordinateur, kompyuta yake. Siku ile alikuwa Mumosho, inje ya muji, ku kilio.

"Edouard, ondoa bordeaux."

"Niondoe na nini, shemeji? Ordinateur iko hapa, lakini batterie imekufa. Courant ya umeme hakuna. Nitarudi Jumapili."

"Basi unionyeshe, nifanye mimi."

Edouard alicheka mpaka simu ikakoroma. "Wewe? Shemeji, ile logiciel, programu ya kutengeneza site, ni ya ba-ingénieurs! Hata miye ilinitesa miezi mbili."

Eulalie alikata simu. Hakukasirika na Edouard. Alimufanyia ile kazi bure, na moyo safi. Ila site yenyewe ilikuwa ya ajabu. Mbele kabisa kulikuwa picha kubwa ya ndoa ya Edouard, na Edouard mu costume, suti nyeupe, katikati ya jamaa nzima. Chini yake, salamu kwa padri, Monsieur l'abbé, kwa chef wa quartier, kwa chef wa avenue, na kwa batu bote ya nia njema. Mapull ilikuwa chini, chini kabisa. Eulalie aliona, akaiacha vile. Zawadi ya shemeji, utaikatalia na mudomo gani?

Saa nne hivi jirani yake Adélaïde aliingia kuchukua pull ya mutoto wake. Adélaïde alikuwa na secrétariat karibu na soko. Kila siku anachapisha invitation za ndoa, na anafundisha batu ordinateur.

"Maman Eulalie, hiyo sura ni ya mvua ao ni ya shida?"

Eulalie alimuelezea yote. Adélaïde aliweka parapluie, mwamvuli wake, chini.

"Sikia. Edouard hana kosa. Kosa iko mu namna mulichagua. Mulichagua logiciel kama mutu anachagua costume ya ndoa. Yenye kung'aa! Lakini kila siku nani anabadilisha rangi? Nani anajua laine gani imekwisha?"

"Ni miye."

"Basi ni wewe utachagua. Na utachagua na vidole yako, hapana na maneno ya batu."

"Adélaïde, niko na simu tu."

"Basi tutafuta logiciel yenye kukubali simu. Lete karatasi kwanza. Andika: mukiriya anataka kujua nini?"

Eulalie aliandika polepole. Rangi. Modeli. Mesures, vipimo ya bana. Siku ngapi ya kungoja. Namba ya simu.

"Costume ya Edouard, uliandika?"

"Hapana."

Balicheka mpaka Eulalie akapangusa macho na ule mukono ya pull.

Adélaïde aligawa naye forfait, bando yake ya internet, akamuonyesha logiciel tatu ya kutengeneza site. Bila jina kubwa, bila sifa. "Kila moja, utaipima na kazi moja tu," alisema. "Weka bordeaux, uiondoe, weka vert, ile ya kijani. Mimi sitagusa. Nitakunywa chai yako."

Ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza yote. Mbele ya kuonyesha hata kitu moja, iliuliza namba ya carte ya banque.

"Toka hapo," Adélaïde alisema. "Mutu asikuulize pesa mbele hujaona mali."

Ya pili ilikuwa nzuri sana. Maua, rangi, kila kitu inatembea. Lakini mu simu vifungo ilikaa moja juu ya ingine. Eulalie aligusa "picha", ikafunguka "muziki". Aligusa tena, muziki ikazidi.

"Hii ni ya ordinateur," Eulalie alisema mwenyewe. "Siitaki."

"Ehee! Umeanza kuchagua."

Ya tatu ilikuwa mu Kifaransa. Ilimupa ukurasa yenye ilikuwa tayari imekatwa, sawa patron, karatasi yenye fundi anakatia nguo ya kushona. Pale pa picha palikuwa pa wazi. Pale pa maneno palikuwa pa wazi. Eulalie aliweka picha ya bordeaux, akaiondoa, akaweka ya vert. Aliandika: "Vert, iko." Kisha kidole ikateleza, ukurasa nzima ikapotea.

"Mama yangu! Nimeharibu!"

"Uko unaona ule mushale yenye kugeuka nyuma? Gusa."

Eulalie aligusa. Yote ikarudi. Alishika kifua. "Kumbe! Ni sawa kufumua pointi moja, bila kufumua pull nzima!"

Wakati ileile réseau ya simu ikakatika. Eulalie alipiga kelele tena. Balingoja. Réseau ilirudi, na kazi yake ilikuwa pale, haikupotea hata neno. Ile logiciel ilikuwa inajiwekea kazi yenyewe.

"Hii," Eulalie alisema. "Ni hii. Siitaki ingine!"

"Ngoja, usiolewe mbio. Tupime ku simu ya mukiriya."

Balivuka barabara mpaka kwa Papa Marcellin, muuza unité, vocha za simu. Simu yake ilikuwa ya zamani, kioo imepasuka. Ukurasa mupya ilifunguka mbele hajamaliza kupiga chafya. Kisha Adélaïde akamuomba afungue site ya Edouard. Picha ilianza kushuka polepole.

"Naona nywele," Papa Marcellin alisema. Balingoja. "Naona paji la uso." Balingoja tena. "Bamama, huyu bwana atafika ku mabega mwezi gani? Ako nakula mégas yangu ya internet!"

Balirudi ndani banacheka. Adélaïde alieleza yale ya mwisho. Ile logiciel ni ya bure, lakini bure iko na kipimo: picha ni chache, na jina ya kampuni ya logiciel itabaki mu jina ya site. Kwa kuanza inatosha. Siku Eulalie atataka kulipa, asome kwanza ni pesa ngapi kila mwezi, na kama anaweza kuacha. Picha zake za kwanza azichunge mu simu, ili siku akihama asiache mali nyuma. Na site ifunguliwe na e-mail yake mwenyewe.

"Na mot de passe, ile neno ya siri, niiweke wapi?"

"Mu kichwa yako na mu kahiya yako ya kuandikia. Si kwa Edouard. Si hata kwangu."

Ijumaa Eulalie alimutumia Sœur Constance anwani mupya, akasema bazazi baache ile ya zamani. Alikuwa ameweka rangi tatu, bleu ndani yake, na chini ya kila moja: "Iko." Bordeaux hakuiweka.

Jumamosi hakukula. Alifuma pointi, akafumua, akafuma. Saa kumi simu ikalia.

"Maman Eulalie! Bazazi yote baliona mu simu zao, hata benye simu mubovu. Balichagua bleu, na kola! Mia moja na makumi mbili! Anza sasa. Barabara ikifunguka, tutatuma mutu."

Eulalie alipiga vigelegele, mpaka jirani akauliza nani amezaa. Jumatatu asubuhi Bintu na Ornella balirudi, na pagne ikatoka juu ya mashine.

Edouard alikuwa amerudi Jumapili, akafungua site mupya, akaishusha, akaipandisha. "Shemeji, picha yangu iko wapi?"

"Iko ku ukuta ya salon, pale bageni banakaa, Edouard. Pale inafunguka haraka."

Edouard akacheka, akauliza: "Ulifanya ginsi gani?" Eulalie akamuonyesha.

Juma mbili zikapita. Makumi sita ya bleu ilikuwa imepangwa ku kabati. Eulalie alipiga picha, akaiweka ku site yeye mwenyewe, bila kuita mutu. Kisha akaandikia Kamituga: "Ma sœur, tumefika makumi sita. Zinapendeza! Barabara inasema nini?"

Alituma. Ku simu alama moja tu ya majivu ikatokea: ujumbe ilitoka, lakini haijafika Kamituga. Adhuhuri alama ilikuwa bado moja. Jioni, moja.

Eulalie aliweka simu karibu na mashine, pale anaweza kuiona, na akaanza pull ya makumi sita na moja.