Asumini ya Kitovu cha Hafsa

Hii sikuhadithiwa. Nilikuwepo, na Sindeni nzima hakuna anayenizidi macho. Maua nayajua pia. Shule niliishia la tano, lakini fimbo kavu nikiichomeka mimi asubuhi, jioni watu wanakaa kivulini.

Shangazi yangu Mwaija ana kichaka cha asumini nyuma ya jiko. Alikipanda juu ya kitovu cha binti yake wa pekee, Hafsa, siku kilipodondoka. Huku kwetu kitovu kikipandiwa mti, mti naye ni mtoto. Basi akaulea. Kila mvua mbolea ya kukuzia, ile ya mahindi, kwa viganja. Kichaka kikanenepa mpaka mbuzi wa Mustapha aliingia humo mwali akatoka na wajukuu. Ila ua, hata moja. Hafsa akaolewa Kerenge bila asumini kichwani, akamtania mama yake kwamba pacha wake huyo bahili.

Mwaka huu Hafsa akafia uzazini, yeye na kichanga chake. Mvua ilikata barabara, shangazi akafika Kerenge wameshazikwa. Akarudi na neno moja tu: siku ya arobaini lazima ampelekee asumini ya kitovu chake.

Nikamwambia, "Shangazi, hiyo ya kukuzia ni ya majani. Unamshibisha majani. Acha."

"Nimnyime mwanangu chakula, Ukasha?"

Nikapogoa matawi yaliyozeeka. Kila mkasi ukilia, shangazi anashika tumbo. Nikatia samadi iliyooza vizuri, majivu kidogo, maji shinani. Tawi moja lilipasuka, nikalifunga kwa pindo jekundu la kanga yake.

Ikafika siku ya kuamkia arobaini. Hata tumba hakuna.

Adhuhuri, jua la utosi, shangazi akatoka na sahani ya wali kama zamani Hafsa akiwa mdogo. Akasimama mbele ya kichaka.

"Hafsa. Njoo ule."

Kuku wakanyamaza. Upepo hakuna. Majani yakageuka. Yote. Yakatuangalia. Halafu ndani, chini kabisa, karibu na udongo:

"Abee, mama."

Kulipokucha kichaka kilikuwa cheupe mpaka chini. Harufu yake nadhani hata Korogwe walipiga chafya. Shangazi akachuma kanga ikajaa, nikampakia kwenye bodaboda.

Kaburini tulikuta tumetanguliwa. Juu ya udongo palikuwa na kikuku cha asumini mbichi. Kidogo. Cha mkono wa kichanga. Kimefungwa kwa pindo jekundu la kanga.

Bi Maryamu, mkwe wake Hafsa, akaninong'oneza, "Baba, huku kwetu asumini hakuna."

Tuliporudi Sindeni nikaenda moja kwa moja kwenye lile tawi. Lilikuwa wazi. Pindo halipo.

Kikuku anacho shangazi, kakitundika juu ya kitanda. Mpaka leo hakijanyauka, nenda kaangalie.

Ila moja nikwambie. Ile "Abee" nimeitia mimi. Kichaka hakikuitika. Shangazi aliita, akangoja, akaita tena kwa sauti ndogo, wali ukampoa mkononi.