Sahani Aliyopokonywa Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Aurélie alifagia uwanja, kisha akamsaidia mama yake kupima sukari. Mama Viviane alikuwa na mimba ya miezi saba. Kwenye kituo cha afya infirmière Sikujua, muuguzi wa hapo, alimkuta na kisukari cha mimba, na sasa alijichoma sindano ya insulini kabla ya kula.

Mpishi alikuwa tantine Ursule, dada wa baba, aliyetoka Yanonge kuja kusaidia. Kila siku alileta kwanga mbili nzima, mikate ya muhogo, na chai yenye vijiko vinne vya sukari.

"Tantine, infirmière alikataza!"

"Wewe mutoto, nyamaza. Mama iko nakula kwa watu wawili."

Mama alikula kimya, akiogopa kumwaibisha wifi yake. Ukimya huo ulimkera Aurélie kuliko chai yenyewe.

Siku ya nne kipimo kilipanda tena. Mama alijichoma sindano, tantine akaweka sahani. Aurélie alipandwa na hasira. Alipokonya sahani, akamwaga chai mlangoni, akawatupia mbuzi kwanga yote.

"Hauna haya!" tantine alifoka, akimfuata nje.

"Na wewe unataka kumuua mama!"

Waligombana hadi majirani wakachungulia. Waliporudi ndani, mama alikuwa anatetemeka, jasho linamtiririka, maneno hayamtoki vizuri. Tantine alikoroga sukari kwenye maji, akamnywesha polepole. Baada ya robo saa mama alitulia. Alikula samaki na kipande cha kwanga, kisha wakaenda wote kituoni.

Infirmière Sikujua hakuficha hasira yake.

"Aurélie, insulini bila chakula ni hatari! Maji yale yamemwokoa. Lakini Ursule, hiyo ni dawa ya sukari iliyoshuka, si chai ya kila asubuhi. Sukari ya mama ikizidi, mtoto anakuwa mkubwa mno, kuzaa kunakuwa shida. Na wewe Viviane, mbona ulinyamaza?"

"Nilidhani ninamlinda mama," Aurélie alisema, akilia.

Infirmière aliwaonyesha kipimo cha chakula: mboga nusu ya sahani, samaki, kwanga kidogo. Tangu siku hiyo tantine alipakua hivyo, na jioni alitembea na mama.

Mtoto, Osée, alizaliwa salama, mwenye uzito mzuri. Mama aliambiwa arudi baada ya wiki sita kupimwa sukari tena.

"Ulikuwa na haki ya kukasirika," tantine alimwambia Aurélie, akimpakata mtoto. "Lakini hukuuliza, na mimi sikutaka kusikia. Mgonjwa hatibiwi kwa hasira, wala kwa mazoea. Tuulize kwanza."