Uso Uliomfuata Fundi

"Mke wangu kaibiwa ukutani," fundi sanamu alisema, na konstebo akauma midomo asicheke. Uso wa plasta, uliochukuliwa usoni mwa marehemu mkewe alipokuwa hai, ulikuwa pale pale ukutani, juu ya meza ya kazi, mweupe pe.

Inspekta hakucheka. Karakana hii aliijua tangu enzi za kaptura: harufu ya plasta mbichi, ndoo zilizoganda pembezoni, na fundi huyu huyu akimfundisha kufinyanga kila Jumamosi. Moyo ulimlainika, akasahau kidogo kwamba yuko kazini.

Konstebo alimvuta kando akamnong'oneza kwamba mzee keshachanganyikiwa. Ukoo ulishakaa kikao: akizidi, karakana ifungwe, apelekwe nyumba ya wazee.

"Umejuaje kwamba si yeye?" Inspekta alimuuliza fundi.

"Ananifuata. Nikienda mlangoni ananitazama, nikienda dirishani ananitazama. Zamani nikimpita, nilibaki naona shavu na sikio."

"Umeugusa?"

"Mikono huchafua plasta. Tangu afe, hakuna anayeugusa."

Inspekta alitembea taratibu kutoka mlangoni hadi dirishani. Uso ukageuka naye. Taa, ambayo zamani ilining'inia darini, sasa ilikuwa mezani ikimulika kwenda juu. Alinyoosha kidole kuigusa pua. Kidole kilipita mahali pa pua, kikazama.

Lilikuwa kalibu, lile shimo ambamo uso ulimiminwa. Jicho limezoea mwanga utokao juu na pua zinazochomoza. Mulika shimo kutoka chini, nalo jicho litaapa kwamba ni uso. Somo hilo alilipata humu humu akiwa na binti wa fundi, wakacheka hadi machozi. Aliyatamani sana majira yale.

Binti mwenyewe alikuwa mlangoni na chai ya baba yake.

"Dada, nani aliishusha taa?"

"Mimi. Inamuumiza macho."

"Mchezo huu tulifundishwa wawili tu. Mimi sijakanyaga hapa miaka mingi."

Binti alikiweka kikombe mezani. "Nimeuchukua mimi, nikatundika kalibu," alisema. "Mama alikufa sijang'oa hata jino la utoto. Maisha yangu yote naambiwa usiguse. Nilitaka kulala mkono wangu ukiwa shavuni mwake, basi."

"Ukamwacha baba aitwe mwendawazimu?"

"Nilidhani macho yake hayatatambua. Walipokaa kikao, nikaogopa kusema."

Fundi alimgeukia. "Ungeomba, ningekumiminia wako."

"Ulisema uso wa mama ni mmoja, haumiminwi wa pili."

"Nilisema. Nilikuwa na wivu naye."

Aliliteremsha kalibu akalipaka sabuni plasta isinate, akakoroga plasta, akamimina. Konstebo aliambiwa ashike kalibu, naye akalishika kwa mikono miwili. Inspekta alifunga daftari lake bila kuandika kitu.

Plasta ilipoganda, binti aliubandua uso kwa mikono yake mwenyewe, akaweka kiganja shavuni. Akashtuka.

"Baba, uso una joto."

"Plasta ikiganda hupata joto," fundi alisema. Kisha naye akaweka mkono, upande wa shavu la pili, na wala hakuutoa hadi ulipopoa.